Mti wa Kanisani: Mche Unapopata Mwenyewe

Mti unaopandwa katika kiwanja cha kanisa kuunga mkono kampeni ya mazingira hubeba mambo mawili. Ni mti kama miti mingine, wa kivuli, matunda au mbao. Ni tamko pia, kwa kuwa hupandwa mbele ya watu, kwa sala, na mara nyingi kwa jina la mtu au la tukio. Afrika Mashariki imeizoea desturi hii. Watoto wa kipaimara hupanda miche kabla ya kubarikiwa, maharusi hupanda baada ya kufungishwa ndoa, askofu hupanda anapozuru usharika au parokia, na serikali ikitangaza siku ya miti, viwanja vya makanisa huwa kati ya vya mwanzo kuchimbwa mashimo.

Kampeni nyingi za miti hazishindwi siku ya kupanda. Hushindwa miezi michache baadaye, mvua inapokatika. Mche uliopandwa kando ya barabara hauna mwenyewe: mbuzi hula majani, mpita njia huondoka na kigingi, jua humaliza kilichobaki, na hakuna anayeulizwa. Kenya, kwa mfano, ilizindua Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi, ingawa Katiba ya 2010 katika ibara ya 69 inataka angalau asilimia 10. Tarehe 13 Novemba 2023 wananchi walipewa siku ya mapumziko wakapande miti, na lengo la siku hiyo moja lilikuwa miche milioni 100. Lengo la ukubwa huo hutangazwa kwa hesabu ya miche inayoingia ardhini. Idadi ya miti inayobaki hai baada ya kiangazi cha pili ni habari nyingine, na ndiyo habari yenyewe.

Kiwanja cha kanisa kinaizidi kando ya barabara kwa mambo ya kawaida kabisa. Kina uzio, hata ukiwa wa michongoma tu. Kina watu wanaofika kila Jumapili, na wengine katikati ya wiki kwa mazoezi ya kwaya, sala au usafi. Kina paa kubwa la bati la kuvunia maji, na mara nyingi kina mlinzi, katekista au mwinjilisti anayeishi hapo hapo. Tena kanisa ni taasisi ya madaftari. Aliyebatizwa, aliyefunga ndoa na aliyezikwa wote huandikwa, na majina hayo hudumu kuliko mchungaji au paroko yeyote anayehamishwa. Mti ukiandikwa kwa utaratibu huo huo, aina yake, siku ulipopandwa, aliyeupanda na anayeumwagilia, unapata kitu ambacho miche mingi ya kampeni haikipati: mtu wa kuulizwa. Sala na hotuba ya siku ya kupanda huwapa watu moyo, lakini anayeufikisha mche kwenye masika ya pili ni huyo mtu wa kuulizwa.

Pwani ya Tanzania inao ushahidi wa muda mrefu. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walianza kupanda tangu mwanzo. Miembe iliyopangwa pande mbili za njia ya misheni ni ya mwaka 1871, na mbuyu mkubwa ulio kiwanjani huhesabiwa kuwa na umri sawa na misheni yenyewe. Kwenye shina la mbuyu huo kuna mnyororo. Masimulizi ya misheni yanasema ulifungwa hapo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanamke aliyejulikana kama Madame Chevalier, ambaye alikuwa akimfungia punda wake. Mnyororo ulisahauliwa, mti ukaendelea kunenepa, gome likaumeza, na leo kipande kifupi tu ndicho kinachoonekana nje. Mbuyu huota tena gome mahali lilipojeruhiwa, jambo ambalo miti mingi hailiwezi, ndiyo maana haukufa kwa kufungwa chuma shingoni. Watoto wa shule wanaotembelea Bagamoyo huupapasa mnyororo huo na kuelewa kwa mkono kwamba mti ni kitu kinachokwenda, ingawa hauondoki mahali pake.

Shirika hilo hilo lilipopanda mlima Kilimanjaro na kujenga misheni ya Kilema, mapadri walipanda hapo mibuni, na Kilema huhesabiwa kuwa chimbuko la kahawa ya mlimani. Kutoka viwanja vya misheni mbegu iliingia vihambani, na miongo michache baadaye wakulima Wachaga wakawa na chama chao cha kahawa, kilichoanzishwa mwaka 1925 na kugeuka Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933. Kiwanja kidogo cha kanisa kilikuwa kitalu cha wilaya nzima. Kampeni za leo zingefanya vizuri kukumbuka kazi hiyo ya kitalu, maana usharika unaootesha miche 500 na kuigawa kwa waumini hufika mbali kuliko usharika unaopanda miche 20 mbele ya kamera.

Upande mwingine wa historia hiyo unauma, nao lazima usemwe. Kabla ya kanisa, watu wa eneo hili walikuwa na maeneo yao matakatifu yenye miti isiyoguswa. Wamijikenda wa pwani ya Kenya walizitunza kaya zao, misitu iliyozunguka makazi ya mababu, na mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wakikuyu waliutunza mti wa mugumo na kuombea chini yake. Wachaga huuheshimu mmea wa isale hadi leo, kwa kuweka mipaka na kwa kuomba radhi. Wamisionari wengi na waumini wa mwanzo waliiona miti ya ibada za jadi kuwa mabaki ya upagani, na mahali pengi ilikatwa au ikaachwa bila ulinzi. Kwa hiyo kanisa linapopanda mti leo kwa sababu za kiimani, halileti wazo geni Afrika. Linarudia wazo ambalo lenyewe lilisaidia kulibomoa, na waumini wanaoijua historia hiyo hupanda kwa unyenyekevu zaidi.

Mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai aliishi pande zote mbili. Alikulia Nyeri, akafundishwa na mama yake kuuheshimu mugumo uliokuwa karibu na nyumbani, akasomeshwa na masista wa Kikatoliki, kisha aliporudi akiwa msomi akakuta mti ule umekatwa na kijito chake kimekauka. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo ulipoanzia Mkanda wa Kijani, harakati ambayo imepanda miti zaidi ya milioni 51. Siri yake ilikuwa katika malipo. Wanawake wa vikundi walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliokuwa umeshika na kuishi. Mche uliopandwa ukafa haukulipiwa kitu. Kanuni hiyo moja iliwageuza wanawake wa vijijini kuwa walinzi wa miti. Januari 1999, alipojaribu kupanda mti mmoja tu kupinga kunyakuliwa kwa msitu wa Karura, alipigwa na watu waliokodiwa mpaka akatokwa damu kichwani. Wanyakuzi waliujua uzito wa mti ule: ukiruhusiwa kusimama, ardhi ina mwenyewe. Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na alipofariki mwaka 2011 mwili wake ulichomwa kama alivyoagiza, katika jeneza lisilotokana na mti uliokatwa, lililotengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Kwa upande wa makanisa, mfano unaojulikana sana ni wa Kilimanjaro. Barafu ya kileleni ilipimwa na kuonekana imepungua kwa asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007, na picha za kilele kinachopata upara zimezunguka dunia. Wenyeji wa mlimani wana hofu iliyo karibu zaidi, nayo ni ya maji. Mito inayoshuka kwenda Moshi, bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani hutegemea zaidi ukanda wa misitu kuliko barafu. Msitu hunasa mvua na ukungu, maji yakatonea ardhini polepole na kutokea chini kama chemchemi. Msitu ukifyekwa au ukiungua, mvua ile ile hushuka kwa kishindo, ikabeba udongo, na wiki ya pili mfereji umekauka.

Katika mazingira hayo Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye makao yake Moshi, imeingiza upandaji miti katika mafundisho ya kipaimara. Kijana anayejiandaa kubarikiwa hupanda miche, nyumbani kwao au katika kiwanja cha usharika, na kuitunza. Aliyeisukuma kazi hii kwa sauti kubwa ni Askofu Fredrick Shoo, aliyechaguliwa kuwa Mkuu wa KKKT mwaka 2015, na ambaye kwa ajili hiyo huitwa Askofu wa Miti hata nje ya Tanzania.

Uzuri wa mpango huu uko katika muda. Mafundisho ya kipaimara katika sharika nyingi za Kilutheri huchukua miaka miwili. Mche wa mti nao huhitaji miaka kama miwili mpaka mizizi izame vya kutosha kujitegemea. Mtoto akipanda mwanzoni mwa darasa, anapita na mche wake katika viangazi viwili kabla ya siku ya kubarikiwa. Mche ukiwa kiwanjani, kila Jumamosi anapokuja darasani anapita mbele yake, na mwalimu anauona kama ulivyo: umekunja majani, umeliwa, au umetoa chipukizi. Tendo la siku moja halina nafasi hiyo. Lenyewe ni jambo jema, lakini mtoto aliyebeba ndoo ya maji Agosti amejifunza zaidi ya yule aliyeshika koleo mbele ya mgeni rasmi Aprili.

Walutheri wa dunia waliipa desturi hiyo sura ya kimataifa katika mji wa Wittenberg, Ujerumani, mji wa Martin Luther. Kuanzia mwaka 2009 walianza kuotesha bustani ya miti 500 kwa ajili ya miaka 500 ya Matengenezo, iliyotimia mwaka 2017. Kila kanisa linalochukua mti Wittenberg huombwa kupanda mwenzake nyumbani kwake, hivyo kuna viwanja vya makanisa katika nchi nyingi vyenye mti ulio na ndugu Ujerumani.

Kusini zaidi, katika mkoa wa Masvingo nchini Zimbabwe, jambo hili lilifikishwa hadi kwenye meza ya Bwana. Nchi ile ilikuwa imetoka katika vita vya ukombozi na vilima vyake vimebaki vitupu. Mtaalamu wa dini Marthinus Daneel alishirikiana na wazee wa jadi na maaskofu wa makanisa huru ya Kiafrika, na mwaka 1991 makanisa hayo yakaunda umoja wao wa kutunza dunia. Walibuni ibada ya ushirika mtakatifu inayoendana na kupanda miti. Miche ilibebwa mpaka karibu na meza, na kabla ya kushiriki waumini waliungama hadharani dhambi dhidi ya ardhi: kukata miti bila kupanda, kulima ukingo wa mto, kuacha makingamaji yabomoke. Kisha kila mmoja alikwenda mezani akiwa na mche mkononi, akapokea mkate na divai, na kutoka hapo akaenda kuupanda katika eneo lililozungushiwa uzio na kubarikiwa. Maungamo yale yalikuwa na nguvu kwa sababu hayakuwa ya jumla. Mtu hakuungama uharibifu wa mazingira. Aliungama panga lake na mti alioukata, mbele ya majirani walioujua. Harakati hizo zilififia nchi ilipoingia katika msukosuko wa uchumi, lakini mfano wake bado husomwa katika vyuo vya theolojia.

Ethiopia inaonyesha upande wa ulinzi. Katika nyanda za juu za kaskazini, ambako karibu msitu wote wa asili umegeuzwa mashamba na malisho, makanisa ya Kiorthodoksi ya Tewahedo yamebaki na misitu midogo iliyoyazunguka, mingi ya hekta chache tu. Ukitazama picha za angani utaona madoa ya kijani katikati ya mashamba ya rangi ya udongo, na katikati ya kila doa paa la duara la kanisa. Ndani yake imo miti ya asili kama mtarakwa na mzeituni wa mwitu, ambayo mahali pengine imekwisha, pamoja na ndege na wadudu wanaochavusha mazao ya jirani. Waumini huuona msitu kuwa sehemu ya kanisa lenyewe. Hata hivyo heshima peke yake haikuzuia ng'ombe. Mifugo iliingia, ikala miche michanga, na misitu ikawa na miti mikongwe isiyo na warithi. Mwanaikolojia wa huko Alemayehu Wassie, akishirikiana na Mmarekani Margaret Lowman na mapadri wenyewe, alihimiza ujenzi wa kuta za mawe kuzunguka misitu hiyo. Mawe yalikuwa tele mashambani, na wakulima walifurahi kuyaondoa. Ukuta ukishasimama, miche huota yenyewe kutokana na mbegu za miti iliyopo. Funzo hilo lina thamani kwa parokia yoyote yenye miti ya zamani: pengine kinachohitajika ni uzio kuliko mche mpya.

Kwa Wakatoliki, msukumo mkubwa ulitoka kwa Papa Fransisko, aliyetoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, na Novemba mwaka huo huo akapanda mti katika makao ya Umoja wa Mataifa Gigiri, Nairobi. Makanisa ya madhehebu mbalimbali pia huadhimisha Majira ya Kazi ya Uumbaji kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, siku ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi.

Hapa ndipo kalenda ya dunia inapogongana na mvua. Septemba katika sehemu kubwa ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni mwezi wa vumbi. Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, huja masika yakiwa yanaaga au yameshaondoka. Mche unaopandwa siku hizo ili kutii ratiba huhukumiwa kifo, isipokuwa pale penye maji ya uhakika. Tanzania ilifanya busara kuweka Siku ya Kupanda Miti kwa miaka mingi tarehe 1 Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza mahali pengi, na Kenya ilichagua Novemba, mvua za vuli zikiwa zinanyesha. Kanisa linaweza kuitumia Septemba kwa kazi zinazofaa Septemba: kuchimba mashimo, kusomba samadi, kupanda mbegu katika viriba, kutengeneza uzio na kugawana majina ya watunzaji. Kupanda kwenyewe kusubiri mvua iloweshe ardhi zaidi ya urefu wa kiganja. Mvua ya kwanza huwa ya udanganyifu. Hunyesha siku mbili ikapotea, na wakulima hawaiamini.

Aina ya mti huamuliwa na mahali. Katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru hufaa mringaringa, mfuruanje na msesewe, ambayo ni ya asili, huvumiliana na migomba na kahawa, na hudondosha majani yanayooza upesi. Mgrevilea umepokelewa vizuri kwa kuwa hukua haraka na kutoa mbao na kuni kwa kupogolewa tu. Mparachichi hulisha na kuuzika. Pwani kuna mwembe, mkungu na mwarobaini, na mahali pakavu kama Dodoma au Ukambani hustahimili mwarobaini, mkwaju na migunga. Mkaratusi una nafasi yake kwenye shamba la nguzo na mbao, lakini haufai karibu na chemchemi, kisima au bustani, kwani hunywa maji mengi na kuinyima mimea ya jirani. Mkrismasi hupendwa kwa maua yake mekundu ya Desemba, ila matawi yake hukatika kirahisi kwa upepo na mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu, hivyo usipandwe penye maegesho wala mlangoni.

Umbali na jengo hupuuzwa mno. Mche wa nusu mita unaonekana mdogo, watu wakausimika hatua tatu kutoka ukutani ili picha itoke na msalaba nyuma. Miaka 20 baadaye matawi yanakwaruza bati, majani yanaziba mifereji ya paa, na mizizi inausogelea msingi. Mti wa kutanda kama mwembe au mkuyu unahitaji mita 10 au zaidi kutoka ukutani, na mkuyu ukae mbali kabisa na mabomba, tangi na shimo la maji machafu, kwa kuwa mizizi yake huyatafuta maji popote yalipo. Katikati ya makaburi pasipandwe. Mti ukae pembeni ya safu. Nyaya za umeme ziangaliwe juu kabla ya koleo kugusa chini. Baadhi ya mashimo hustahili kuchimbwa mahali ambapo watu husimama baada ya ibada, kwani kivuli kinachotumika hutunzwa.

Shimo lenyewe, katika udongo mgumu, liwe na upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu, ule mweusi, huwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine. Wa juu huchanganywa na debe la samadi iliyooza na kurudishwa kwanza kuizunguka mizizi. Kisha huja jambo ambalo siku za sherehe husahauliwa mara nyingi kuliko yote. Kiriba cha nailoni lazima kikatwe kwa wembe na kuondolewa chote, taratibu, bila kuuvunja udongo ulioshikana na mizizi. Wageni hukabidhiwa mche, hutumbukiza na kiriba chake, hupiga picha na kwenda. Mizizi huzunguka ndani ya nailoni kama kamba, haitoki, na mti huonekana umepona mwaka wa kwanza kisha hudumaa na kufa bila sababu ya wazi. Mzizi uliokwisha kujikunja chini ya kiriba ukatwe ncha. Shingo ya mche, yaani mahali shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi. Udongo ushindiliwe kwa mguu ili usiache mapango ya hewa, na nyasi kavu zitandazwe kuzunguka shina bila kuligusa, maana matandazo yanayogusa shina huleta mchwa na kuoza.

Maji ya kiangazi ndiyo yanayoamua. Kanisa lina bahati hapa. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 20 kwa 12 lina mita za mraba 240, hivyo mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida ya saa moja wakati wa masika, huleta lita 2,400. Hata zikipotea lita 400 njiani, zinabaki 2,000. Miche 40 ikipewa lita 10 kila mmoja kwa wiki, inatumia lita 400, kwa hiyo mvua moja iliyovunwa vizuri huihudumia kwa wiki tano. Pasipo na tangi kubwa, chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo chini, ikafukiwa nusu karibu na mche na kujazwa kila siku chache, hupeleka maji kwenye mizizi bila jua kuyanyang'anya. Watoto wa shule ya Jumapili huifanya kazi hiyo kwa furaha, mradi wamepewa mche wenye majina yao.

Hesabu inayofaa kutangazwa mbele ya waumini ni ya miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja na tena baada ya miaka miwili. Mchungaji au paroko akiisoma katika matangazo ya Jumapili, pamoja na ile iliyokufa na sababu yake, watunzaji wanajua kazi yao inaonekana. Pengo lijazwe mvua ijayo, na aina ya mti ibadilishwe ikiwa ile ya kwanza imefeli mara mbili mahali pale pale.

Mti mmoja hautengenezi hali ya hewa, na kampeni inayoahidi hivyo huwavunja watu moyo baadaye. Faida yake ya karibu ni kivuli, udongo unaoshikwa, matunda, ndege, na kijana aliyejifunza kutunza. Faida ya mbali huja pale kanisa linapoangalia pia kile linachochoma. Shule, hospitali na vyuo vya makanisa hupikia watu wengi, na harusi na sikukuu za mavuno huhitaji masufuria makubwa juu ya mafiga. Tanuri la kienyeji hula kati ya kilo tano na kumi za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa. Usharika unaopanda miche 30 kwa mwaka huku jiko lake likila lori la magogo kila muhula bado una deni kwa msitu. Majiko banifu, gesi na umeme hupunguza deni hilo upesi kuliko mche wowote. Serikali ya Tanzania imeshaziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa, na mkakati wake wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034.

Hatimaye mti huzeeka. Tawi likikauka juu ya paa au uyoga ukianza kuota shinani, baraza la wazee lisingoje dhoruba. Kukata mti mkubwa, hasa wa asili, mahali pengi huhitaji kibali cha ofisi ya misitu hata kama umesimama katika kiwanja cha kanisa, na bodi ya wadhamini ndiyo inayokiomba. Mbao za mringaringa hutengenezwa mabenchi na milango, matawi huwa kuni, na daftari huandikwa mwaka wa kukatwa pembeni ya mwaka wa kupandwa. Mche wa badala huchimbiwa shimo mita chache kando ya kisiki, kwa kuwa udongo wa pale pale hubaki na mizizi na kuvu za mti uliotangulia.